Mashine Mbili na Nguruwe Mmoja

Fetuao alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na tayari alikuwa amejifunza kulala akiwa ameketi. Hakuwa mvivu. Kabla ya kengele ya shule alikuwa ameshafagia majani ya mshelisheli uani, ameshawapelekea nguruwe makombo, na ameshambebea bibi yake sinia la mikate ya nazi hadi dukani. Akifika darasani kope zilikuwa nzito. Mwalimu akigeukia ubao, yeye aliegemeza shavu kwenye kiganja na kuiba usingizi kidogo.

Nyumbani kwao hakuna aliyekuwa na nguvu za kubakiza. Baba yake alikuwa New Zealand akichuma matufaha, na kila Jumapili alipopiga simu sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kwenda kulala. Bibi Tilomai aliendesha duka kwa miguu iliyovimba. Mama yake, Lagi, alishinda kwenye nyumba ya kamati ya akina mama akisuka mkeka wa heshima, ule mwembamba na laini ambao bila huo hakuna harusi wala mazishi yanayokwenda sawasawa pale kijijini Matavaiola. Mkeka huo uliahidiwa kutolewa siku ya kuzindua kanisa jipya. Miezi ilipita, na vidole vya Mama vilijaa michaniko midogo ya majani makavu ya mkadi aliyoyasuka.

Kwenye kona ya nje ya duka, chini ya paa, kulikuwa na kamera. Jicho lake lilitazama pande mbili kwa mpigo: mlango wa duka, na uwanja ulio mbele ya nyumba ya kamati, pale akina mama walipoanika mkadi na mikeka. Picha zilipita kwenye waya hadi mashine ya kurekodi iliyokuwa ndani ya duka, kando ya makopo ya samaki. Jambo hilo lilimkera sana Bi Talosaga, mwenyekiti wa kamati.

"Mikeka ni yetu, picha ni zako," alimwambia Bibi. "Kila nikitaka kujua nani kapita uwanjani, lazima nije kukupigia magoti."

"Piga tu, magoti yako bado mazima," Bibi alijibu. "Yangu ndiyo yameshakufa."

Basi Bi Talosaga akawapigia simu ndugu zake wa Auckland. Meli ilipofika, ndani ya pipa la makopo ya nyama mlikuwa na mashine nyingine ya kurekodi, kioo chake, na waya mrefu mweusi. Sasa kamati ingekuwa na picha zake yenyewe, kutoka kamera ile ile. Kilichokosekana ni mtu wa kuifunga. Fundi Esekia wa mji wa Salelologa alisema atafika Alhamisi, lakini hakusema Alhamisi ipi. Alhamisi zilipita mbele ya duka, Esekia hakupita.

Wakati wakimsubiri, kazi ya kulinda mikeka aliangushiwa Fetuao. Kila mchana baada ya shule alikaa kwenye ngazi ya duka na fimbo, akifukuza kuku, watoto na nguruwe. Kijiji kilikuwa na sheria kwamba nguruwe wafungiwe, lakini nguruwe hawahudhurii baraza la machifu.

"Bibi, nimechoka," alisema siku moja.

"Nani kakwambia kuna mtu hapa hajachoka?" Bibi aliuliza bila kuinua macho kwenye unga aliokuwa akipima.

Siku hiyo akina mama walikwenda kanisani kufanya mazoezi ya kwaya, na Bibi akawa amejinyoosha chumba cha nyuma. Fetuao alibaki peke yake, hesabu za mwalimu magotini, kichwa kikimwanguka. Akaitazama mashine mpya iliyokaa bure kwenye nyumba ya kamati. Ingekuwa inafanya kazi, nani angehitaji kukaa juani na fimbo?

Ndipo akakumbuka jinsi baba yake alivyokuwa akifanya wakati wa raga. Pale Matavaiola nyumba moja ikiwa na antena, nyumba nne zilitazama mechi. Baba alimenya waya wa antena, akausokota na waya wa jirani, moyo wa katikati kwa moyo, nyuzi za nje kwa nyuzi, kisha akazungushia utepe mweusi. Picha ilikuwa na chenga nyingi, lakini nani aliyejali, mradi waweze kuona nani kafunga! Fetuao alikuwa ameshika utepe huo mara nyingi.

Akachukua kisu cha mama yake cha kukatia mkadi. Akapanda juu ya kreti, akamenya waya wa kamera pale unapopita chini ya paa, akausokota na ule mrefu mweusi aliouvuta kutoka mashine ya kamati, akaufunga vizuri. Alipowasha mashine ya kamati, uwanja ulitokea kwenye kioo, na kreti lenyewe likiwa limesimama pale pale. Alitaka kupiga kelele za furaha. Akakimbia dukani kutazama mashine ya Bibi. Nayo ilikuwa na picha, ila ilikuwa imefifia, mfano wa siku ya mawingu mazito, na rangi za makopo mekundu ya samaki yaliyopangwa mlangoni zilikuwa zimetoweka.

Akina mama waliporudi, Bi Talosaga alisimama mbele ya kioo akashika kiuno.

"Haya! Nani kaifunga hii?"

Fetuao alifungua mdomo aseme ni yeye. Halafu akakiona kile kisu cha mama yake kwenye kreti, na waya wa Bibi wenye kidonda kilichofungwa utepe, akaogopa.

"Fundi," alisema. "Alikuja mlipokuwa kwaya. Alikuwa na haraka."

"Esekia huyu huyu? Kaja na kuondoka bila kunywa hata kikombe cha kakao?"

"Alikuwa na haraka sana, Mama Talosaga."

"Na mbona picha ina giza?"

Bibi Tilomai, aliyekuwa ameamka na kuja akichechemea, alijibu kwa niaba yake. "Kitu kikigawanywa si lazima kipungue? Mkate ni ule ule, walaji wameongezeka. Umetaka picha yako, hiyo umepata."

Maneno hayo yaliwaridhisha wote. Kufika jioni, kijiji kizima kilikuwa kinasema fundi alikuja. Dereva wa basi alisema, mke wa mchungaji alisema, hata mtu aliyekuwa shambani siku nzima alisema alimwona Esekia akipita. Kamati ikamwandalia fundi kikapu cha majimbi ya taro na majani yake yaliyopikwa kwa tui, na aliyetumwa kukipeleka kwenye basi ni Fetuao mwenyewe. Alikibeba kikapu kile kama mtu aliyebeba mawe. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia akae na fimbo. Bi Talosaga alisema mashine mbili zinatosha, na Fetuao akaanza kulala mchana. Usingizi ulikuwa mtamu, na alijitahidi kutofikiria ulikotoka.

Hatimaye mkeka wa Mama ulikamilika. Akina mama waliuosha baharini wakiimba, wakautandaza uwanjani ukauke, kisha wakaenda kanisani kupamba. Mama alirudi nyumbani akaangusha kichwa kwenye mto na kulala bila hata kula. Fetuao alilala pembeni yake. Mchana huo mawingu yalishuka mlimani na uwanja ukawa na kiza kidogo, wala hakuna mtu aliyekuwa akitazama kioo chochote.

Alizinduliwa na kelele za Bi Talosaga. Alipotoka nje alimkuta mama yake ameshafika uwanjani, amepiga magoti. Katikati ya mkeka kulikuwa na tundu la kupitisha kichwa. Kingo zake zilikuwa zimelowa mate, na alama za kwato zilitapakaa kila mahali. Mama hakupiga kelele wala hakulia. Alikuwa akikusanya vipande vidogo vya mkadi na kuviweka kwenye mapaja yake, kimoja kimoja, hadi Bi Talosaga akamshika bega na kumwambia aache.

"Tuna mashine," Bi Talosaga alisema kwa hasira. "Tutamjua tu."

Wakaifungua mashine ya kamati. Kwenye picha ile ya giza, nguruwe mkubwa mweusi alionekana akija kutoka upande wa barabara, akasimama kidogo mbele ya dirisha la duka, kisha akauvamia mkeka. Wakaenda dukani kufungua mashine ya Bibi. Picha ilikuwa ile ile, nguruwe yule yule mweusi.

"Mashahidi wawili," Bi Talosaga alisema. "Na nguruwe mweusi hapa kijijini ni mmoja tu."

Kila mtu aligeuka kumtazama Bi Mareta. Alikuwa mjane aliyeishi na mjukuu wake, Pele, ambaye alikaa dawati moja na Fetuao. Bi Mareta hakuwa na shamba kubwa wala mtoto wa kumtumia fedha kutoka ng'ambo. Alikuwa na nguruwe jike mweusi aitwaye Uli, mwenye mimba iliyokaribia kuzaa.

"Uli hakutoka zizini," Bi Mareta alisema. "Hata kugeuka kwake ni kwa shida, mnamjua."

"Unataka kusema mashine zote mbili zinaongopa?" mtu mmoja akamuuliza.

"Sijui mashine. Namjua nguruwe wangu."

Kesi ilipelekwa baraza la machifu, lisikilizwe Ijumaa asubuhi. Watu walisema wazi kwamba Uli atachukuliwa na kuchinjwa siku ya uzinduzi, pamoja na mimba yake. Lililomuuma Bi Mareta zaidi ni kwamba wanawake aliosuka nao maisha yake yote walianza kumwita mwongo.

Kesho yake shuleni Pele hakufungua kitabu.

"Bibi yangu hajala," alisema. "Anakaa tu zizini na Uli. Fetu, duka ni la bibi yako. Wewe unaijua ile mashine. Inawezekana ikakosea?"

"Mimi... sijui," Fetuao alisema.

"Lakini wewe ulikuwepo fundi alipoifunga. Hakusema kitu?"

Fetuao aliinamisha kichwa kwenye dawati. Kwa mara ya kwanza katika mwaka ule, usingizi haukuja.

Ijumaa, kabla ya machifu kukutana, alimkuta mama yake ameketi na mkeka mapajani, akijaribu kuona kama tundu linaweza kuzibwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, fundi hakuja."

"Fundi gani?"

"Esekia. Hakuja. Waya niliunganisha mimi kwa kisu chako, kama Baba alivyokuwa akifanya wakati wa raga. Kabla ya hapo picha ilikuwa na rangi. Sasa kila kitu kinaonekana cheusi, Mama. Hata makopo mekundu ya samaki."

Mama aliukunja mkeka taratibu. Fetuao alitamani achapwe, jambo liishe. Lakini mama yake alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyebebeshwa mzigo mwingine akiwa bado hajautua wa kwanza, "Kavae kitenge safi. Twende."

Machifu walikuwa wameketi kwenye nyumba ya baraza, isiyo na kuta, kila mmoja ameegemea nguzo yake. Mtoto haingii humo wala hasemi. Fetuao alikaa nje kwenye mawe, na mama yake akaketi ukingoni akaomba radhi kwa maneno marefu ya heshima, kisha akaeleza yote. Minong'ono ilipita kama upepo. Bi Talosaga, aliyekuja kutoa ushahidi, alisimama ghafla.

"Na kikapu changu cha taro?" alisema. "Esekia kala taro langu bure?"

Watu wengine wakaangua kicheko. Mzee Tuifao, msemaji wa baraza, hakucheka. "Mwambie mtoto ajibu kutoka hapo hapo alipo," alimwambia Lagi. "Anataka tuamini nguruwe si mweusi?"

"Sijui kama ni mweusi, Mzee," Fetuao alijibu. "Ninachosema ni kwamba picha haijui."

"Tutahakikishaje?"

"Tupitishe nguruwe mwingine mbele ya kamera. Ambaye si mweusi."

Kwa hiyo baraza zima la Matavaiola, na shughuli zake zote, likahamia uwanjani kutazama nguruwe. Nguruwe wa karibu alikuwa Lapoa, dume la nyumbani kwa Fetuao, mwekundu wa udongo tangu kwato hadi masikio. Pele akapewa ashike kamba, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kutomwamini mtu. Mawingu yalikuwa yamekaa chini kama ile siku nyingine. Mzee Tuifao na Bi Talosaga wakaenda mbele ya kioo cha kamati, Bibi Tilomai na wengine wakabaki kwenye kioo cha duka.

Lapoa akaingia kwenye picha. Alikuwa mweusi tititi.

"Ala!" Bi Talosaga alisema.

"Huku pia mweusi!" watu wa dukani walipiga kelele.

Pele alianza kucheka na kulia kwa pamoja. Alilegeza mkono, na Lapoa akamvuta kamba, akakata kona, akaenda moja kwa moja hadi chini ya dirisha la duka. Akasimama hapo. Akainua pua juu, akaifungua midomo, akangoja.

Kicheko kilikatika. Kila aliyekuwa mbele ya kioo alikumbuka kitu kile kile. Mzee Tuifao aliagiza picha za siku ya mkeka zirudiwe, na zikarudiwa. Nguruwe akaja kutoka barabarani. Akasimama chini ya dirisha la duka. Akainua pua juu, akaifungua midomo, akangoja. Alipokosa kitu, akageukia mkeka. Walikuwa wameitazama picha hiyo siku zote, lakini walitazama weusi tu.

 Fetuao alijua ni nani aliyekuwa akisubiriwa pale dirishani. Kila asubuhi yeye alimtupia Lapoa, kutoka dirisha lile, maganda ya mikate iliyoungua, akimwita jina, kabla ya kumrudisha zizini. Na zizi lile kona yake moja ilikuwa imebomoka tangu Baba aondoke. Kila mtu nyumbani aliiona, na kila mtu alikuwa amechoka.

Bibi Tilomai alitoka dukani akichechemea. Alimtazama Lapoa, akamtazama mkwewe Lagi, ambaye mkeka wake ulikuwa umeliwa na nguruwe wake mwenyewe.

"Zimeni hayo madude," alisema. "Nguruwe ni wangu."

Baraza halikukaa tena muda mrefu. Lapoa ndiye atakayechinjwa siku ya uzinduzi, na zizi litengenezwe kabla jua halijatua. Mchana huo huo Fundi Esekia alishuka kwenye basi, ameitwa kwa simu, uso umejaa aibu na mkono mmoja umeshika kikapu kitupu.

"Mimi nilidhani taro lilikuwa la kunikumbusha nije," alijitetea.

"Na hukukumbuka!" Bi Talosaga akamkemea.

Esekia alifungua ule utepe mweusi, akatikisa kichwa. "Kwa antena ya raga mtasamehewa, kwa kamera hapana," alimwambia Fetuao. "Picha inatoka kwenye kamera ikiwa na nguvu za kulisha mashine moja. Ukiibandika ya pili hivi hivi, zote mbili zinakula nusu, na kwa waya mrefu kama huu rangi ndiyo ya kwanza kupotea. Ndiyo sababu kuna hiki." Alitoa kisanduku kidogo mfukoni. Waya mmoja uliingia kutoka kwenye kamera, na mbili zikatoka. "Kinaipokea picha, kinaitia nguvu, kisha kinampa kila mtu picha kamili. Na mtoto hakati waya wa umeme bila mtu mzima, hata kama fundi kachelewa." Alikohoa. "Hata kama kachelewa sana."

Rangi zikarudi kwenye vioo vyote viwili. Makopo ya samaki yalikuwa mekundu tena.

Lakini Bibi Tilomai alisema jambo halijaisha. Kumwita mtu mwongo mbele ya kijiji si deni la nguruwe. Jumamosi, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, Bibi, Mama na Fetuao walikwenda kuketi chini mbele ya nyumba ya Bi Mareta, wakajifunika mkeka wa heshima vichwani, kama inavyofanywa na watu waliokosa sana na wasio na la kujitetea. Hawakuwa na mkeka mwingine. Walijifunika ule ule wenye tundu.

Chini ya mkeka kulikuwa na joto na harufu ya mkadi na bahari. Miguu ya Bibi ilimuuma, alikuwa akiguna taratibu. Bi Mareta angetaka, angeweza kuwaacha hapo hadi jioni, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Mama," Fetuao alinong'ona, "umenikasirikia?"

"Nimechoka hata siwezi kukasirika," Mama alisema. Kisha akaendelea kwa sauti ya chini. "Nataka ujue kitu kimoja. Bi Talosaga alisema ana mashahidi wawili. Hakuwa nao. Mashine zote mbili zilinywa kwenye waya mmoja, na waya ulikuwa mbovu. Zingekuwa mia, zote zingesema nguruwe ni mweusi. Na uliposema fundi alikuja, mimi nilisikia kwa mke wa mchungaji, kwa dereva, kwa kila mtu. Nikaamini kwa sababu ni wengi. Kumbe wote walikuwa wamesikia kwako wewe tu."

Fetuao alianza kulia kimya kimya.

"Kuchoka si kosa, mwanangu. Ungeniambia, 'Mama siwezi tena kukaa na ile fimbo,' tungetafuta njia. Ukikosea waya, fundi ataurekebisha. Lakini ukisema uongo, watu wanaokuamini ndio wanaoubeba, na hujui utakwenda kumwangukia nani. Safari hii umemwangukia Bi Mareta."

Kupitia tundu la mkeka Fetuao aliona kipande cha uwanja wa Bi Mareta, kisha miguu miwili mitupu ikija mbio, miguu ya Pele. Nyuma yake ilifuata miguu mingine, mizito, isiyo na haraka. Ilisimama mbele yao.

Halafu mwanga ukawaingia wote kwa pamoja. Bi Mareta alikuwa ameuinua mkeka kwa mikono yake miwili.

"Inuka, Tilomai, utaganda hapo," alisema. Aliugeuza mkeka, akapitisha kidole kwenye kingo za lile tundu kama mtu anayepima kidonda. Naye macho yake yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi. "Lagi, hili linazibika. Tukikaa wawili, linazibika kabla ya uzinduzi."

"Watatu," Fetuao alisema.

Bi Mareta alimgeukia. "Kalete kisu cha mkadi," alimwambia. "Na uje ukitumie kwa mkadi."